Wazee Waliokuja na Nyimbo Mpya

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Awali ya yote natoa shukrani zangu za dhati kwa Halmashauri ya Chama kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye mafunzo kwa wakubwa na wadogo. Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Nami niliachiwa nichague mwenyewe. Najua wengi wenu mlitazamia nizungumze juu ya utumishi wa umma, mipango ya maendeleo, au namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Nimeona mambo ya ofisini tuyaache ofisini kwa siku moja. Nitazungumza juu ya muziki, na hasa juu ya santuri moja iliyorekodiwa ukumbini, mbele ya watu, na bendi ya wazee wa Kiingereza iitwayo The Cure.

Naona baadhi ya wazee wangu wanatazamana. Nawaomba uvumilivu wa nusu saa. Bendi hiyo ilianzishwa na wanafunzi wa sekondari, na hadi leo anayeiongoza ni mmoja wa wanafunzi wale wale. Nao, kama sisi, wamekuwa watu wa kukutana tena na tena kwa miaka mingi. Kwa hiyo tuna mengi ya kuulizana nao: wakikutana wanafanya nini? Wanaleta nini? Na nani hayupo?

Santuri yenyewe

Tarehe 1 Novemba 2024 The Cure walitoa santuri mpya iitwayo Songs of a Lost World. Ilikuwa santuri yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu mwaka 2008, yaani baada ya miaka 16. Usiku wa siku hiyo hiyo walipanda jukwaani katika ukumbi wa Troxy, ulioko Limehouse, mashariki ya mji wa London. Ukumbi huo ulijengwa uwe wa sinema, ukafunguliwa mwaka 1933. Unaingia watu wapatao 3,000, na kwa bendi hii hao ni wachache sana, maana mwaka 2018 walipiga katika bustani ya Hyde Park mbele ya makumi ya maelfu. Usiku ule wa Troxy walipiga nyimbo 31 kwa muda wa karibu saa 3, na onyesho zima likarushwa papo hapo kwa njia ya intaneti, likatazamwa na watu wa nchi mbalimbali.

Mwezi Desemba mwaka huo huo nyimbo 8 za mwanzo za usiku ule zilitolewa kuwa santuri ya peke yake, nayo ikaitwa Songs of a Live World: Troxy London MMXXIV. Nyimbo hizo 8 ndizo zile zile za santuri mpya, kwa mpangilio ule ule. Tazameni majina hayo mawili, maana tofauti yao ni neno moja tu. La kwanza husema nyimbo za ulimwengu uliopotea. La pili husema nyimbo za ulimwengu ulio hai.

Fungu la mapato ambalo lingekwenda kwa wanamuziki lilitolewa kwa shirika la War Child, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1993 kwa ajili ya kuwasaidia watoto walioathiriwa na vita. Shirika hilo limefanya kazi pia kwa majirani zetu wa Kongo na Uganda. Kwa hiyo mtu aliyenunua santuri hiyo mjini London alitoa, bila kujua, senti kadhaa ambazo huenda zilimfikia mtoto anayezungumza Kiswahili kama sisi.

Walikotoka

Mji wao ni Crawley, kusini ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Ni mji uliopanuliwa kwa mpango wa serikali baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupunguza msongamano wa watu wa London. Robert Smith, mwimbaji na mtunzi wao, alizaliwa mwaka 1959. Laurence Tolhurst, aitwaye Lol, alifahamiana naye wakiwa watoto wa miaka 5, waliposafiri katika basi moja kwenda shule. Walipofika madarasa ya juu wakaungana na kijana mwingine, Michael Dempsey, wakaanza kupiga magitaa. Bendi yao ilibadili majina kama kijana anavyobadili miandiko: mwaka 1976 ikaitwa Malice, mwaka 1977 ikawa Easy Cure, na mwaka 1978 ikawa The Cure, jina lenye maana ya tiba.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na homa ya muziki wa panki. Panki ulikuwa muziki wa vijana wenye hasira. Nyimbo zilikuwa fupi, za haraka, zenye kelele, na kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba kila mtu anaweza: hapana haja ya kuwa fundi wa gitaa ili useme lililo moyoni. Bendi iliyojulikana zaidi, Sex Pistols, ilivunjika Januari 1978. Homa ilikuwa inashuka, na vijana wengi waliokuwa wameamshwa nayo wakabaki na swali: mlango umekwisha kuvunjwa, sasa tujenge nini ndani? Waliojaribu kulijibu swali hilo ndio walioitwa bendi za baada ya panki. Miongoni mwao walikuwapo Wire, Siouxsie and the Banshees, Joy Division, na hawa The Cure. Walibakiza uhuru wa panki, lakini wakaongeza ukimya, besi inayotembea, vinanda, na mashairi ya kutafakari.

Wadogo zangu, lipo jambo dogo katika historia yao ambalo nataka mlishike. Mwaka 1977, wakiwa bado vijana wa miaka 18, walishinda shindano la kampuni moja ya santuri ya Kijerumani, Hansa, wakapewa mkataba. Baada ya muda kampuni ikawataka wapige nyimbo za watu wengine badala ya zao. Vijana wakakataa, na mwaka 1978 mkataba ukafa. Walirudi nyumbani mikono mitupu, lakini nyimbo zao zilibaki kuwa zao. Mwaka 1979 walitoa santuri yao ya kwanza, Three Imaginary Boys. Hata hiyo Smith hakuridhika nayo, kwa sababu wengine waliamua bila yeye nyimbo zipi ziingie na jalada liweje. Tangu hapo ameshikilia kwamba kazi yao itaamuliwa na wao wenyewe.

Maana ya kurekodi ukumbini

Kabla ya kuwapigia kipande, nieleze kidogo namna kazi hii inavyofanywa, maana wapo wanaodhani santuri zote ni sawa.

Katika studio wanamuziki wanaweza kurekodi chombo kimoja kimoja. Leo dramu, kesho besi, wiki ijayo mwimbaji. Pakitokea kosa hurudiwa mara 20. Sauti ikiwa nyembamba hunenepeshwa. Ukumbini mambo ni mengine. Kila chombo huwekewa kipaza sauti chake au waya wake, na sauti zote huingia kwa wakati mmoja katika mashine, kila moja katika njia yake. Vipaza sauti vingine hugeuzwa kuelekea watu, ili makofi na vifijo navyo viingie. Baadaye fundi huketi kwenye meza ya kuchanganyia sauti akapima: besi iwe kubwa kiasi gani, watu wasikike mbali au karibu. Lakini fundi hawezi kumpa mwimbaji pumzi aliyoikosa usiku ule. Kama bendi haikuwa pamoja, haikuwa pamoja.

Wazee wetu waliosikiliza bendi za dansi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 wanalifahamu jambo hili. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, solo na rizimu na besi na matarumbeta, na ndiyo maana hata leo ukisikiliza nyimbo zile unawaona watu wamesimama mbele yako. Rekodi ya namna hiyo ni ushahidi. Yasema: siku fulani, mahali fulani, watu hawa waliweza kufanya jambo hili.

Na sasa nawaombeni mtulie msikilize mwanzo wa wimbo wa kwanza, Alone.

(Hapa kilipigwa kipande cha santuri kwa muda wa dakika 5.)

Ahsanteni. Bila shaka mmeona jinsi mwimbaji alivyochelewa. Katika wimbo huo vyombo hupiga zaidi ya dakika 3 kabla ya neno la kwanza. Wimbo wa mwisho, Endsong, unazidi dakika 10, na zaidi ya 6 za mwanzo ni vyombo vitupu. Kijana mwenye haraka atasema, mbona haanzi? Lakini sikilizeni ile besi ya Simon Gallup. Haikai chini kuhesabu hatua tu kama besi nyingi. Inapanda juu na kuimba. Sikilizeni dramu za Jason Cooper, nzito na za taratibu kama mtu apandaye ngazi na mzigo. Halafu inakuja sauti ya mzee wa miaka 65. Jambo la kushangaza ni kwamba sauti hiyo haijachakaa. Wanaozifahamu santuri za ujana wake wanaitambua mara moja. Ila maneno yake sasa ni ya mtu aliyezika watu wake.

Jambo la kwanza: walianza na mapya

Nimefika katika kiini cha maneno yangu. Bendi hii ina nyimbo zinazojulikana dunia nzima tangu miaka ya 1980. Usiku ule wa Troxy wangeweza kupiga nyimbo hizo tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna ambaye angedai kurudishiwa fedha yake. Badala yake walianza na nyimbo 8 mpya, zote, moja baada ya moja, katika siku ile ile zilipotoka madukani. Ndipo zikafuata za zamani. Walipiga nyimbo kadhaa za santuri yao ya mwaka 1980, Seventeen Seconds, na mwishoni wakazipiga zile ambazo kila mtu anazijua, hadi Boys Don't Cry ya mwaka 1979. Ukumbi ukacheza na kuimba.

Angalieni mpangilio huo. Kwanza: haya ndiyo tuliyoyafanya tangu tulipoonana mara ya mwisho. Kisha: haya ndiyo tuliyoyafanya pamoja zamani. Kumbukumbu zilikuja mwisho, kama chai baada ya chakula.

Wala mapya hayo hayakuokotwa njiani. Nyimbo za Alone na Endsong walizipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu mjini Riga, nchi ya Latvia, Oktoba 2022, zaidi ya miaka 2 kabla ya santuri kutoka. Yaani walikwenda nazo mji kwa mji, watu wakazisikia, wao wakazirekebisha. Santuri ilipotoka ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo halikuwapata tangu santuri yao ya Wish mwaka 1992. Miaka 32 imepita hapo katikati, nao hawakuacha kazi.

Jambo la pili: hawakuficha msiba

Kati ya nyimbo hizo 8 umo mmoja uitwao I Can Never Say Goodbye. Smith aliutunga kwa ajili ya kaka yake Richard aliyefariki. Mara ya kwanza aliuimba mbele ya watu katika mji wa Krakow, nchi ya Poland, Oktoba 2022. Hebu fikirini: mtu anasimama kila usiku mbele ya maelfu na kuimba juu ya kifo cha ndugu yake. Katika studio angeweza kuuimba mara moja na kuufungia. Ukumbini lazima aufungue upya kila mara. Katika rekodi ya Troxy vifijo vinapungua wimbo huo unapoanza. Watu wanajua wamekaribishwa matangani.

Katika mikutano yetu huwa tunasimama dakika moja kuwakumbuka waliotutoka, tunaketi, tunaendelea na ajenda. Ni desturi njema wala sisemi iachwe. Lakini wapo wenzetu ambao kazi yao haijasimuliwa na mtu yeyote: mwalimu aliyetufundisha hesabu za kuchora, mpishi aliyetulisha, mwenzetu aliyekuwa mlinda mlango wa timu ya shule. Dakika moja ya ukimya haimwelezi kijana wa Kidato cha Kwanza walikuwa watu wa namna gani. Inafaa mtu mmoja asimame aseme, na kama anaweza kuimba, aimbe.

Jambo la tatu: waliogombana na waliorudi

Msidhani hawa watu ni malaika. Lol Tolhurst, yule wa kwenye basi la shule, alikuwa mpiga dramu tangu mwanzo, baadaye akahamia kinanda. Pombe ikamshinda. Mwaka 1989 aliondolewa katika bendi ambayo alishiriki kuianzisha. Akafungua kesi mahakamani juu ya mapato na haki za bendi, na mwaka 1994 akashindwa. Rafiki wa tangu utotoni, na sasa mawakili ndio wanaosema kwa niaba yao. Wapo katika ukumbi huu wanaolijua jambo la namna hiyo, iwe kwa shamba, duka la ubia au kura za uchaguzi.

Lakini wagombanao ndio wapatanao. Tolhurst aliacha pombe, na baada ya miaka wakaanza kuandikiana tena. Mwaka 2011 bendi ilipopiga santuri zake 3 za kwanza katika Sydney Opera House, Tolhurst alikuwa jukwaani pamoja nao. Mwaka 2016 alitoa kitabu cha maisha yake, Cured, na humo alieleza ulevi wake bila kujitetea. Mwaka 2019 bendi ilipopewa heshima ya kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame kule Marekani, naye alikuwapo. Hakurudishiwa nafasi yake ya kudumu. Hakuwapo jukwaani Troxy. Kupatana si lazima kuwe kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Wakati mwingine ni kuweza tu kusimama pamoja katika picha moja bila mtu kugeuza uso.

Hata wale waliokuwa jukwaani usiku ule walikuwa na safari zao. Simon Gallup, aliyejiunga mwaka 1979, aliondoka mwaka 1982 akarudi baada ya miaka michache. Mwaka 2021 alitangaza kwamba ameiacha bendi, na baada ya miezi 2 akasema bado yumo. Roger O'Donnell, mpiga kinanda, mwezi Septemba 2024 aliueleza umma kwamba mwaka uliotangulia alikutwa na saratani ya tezi za limfu, ya namna iliyo kali sana, na kwamba alikuwa ametibiwa. Miezi 2 baada ya maneno hayo alikuwa Troxy, vidole juu ya kinanda. Sasa mkisikia mwanzo wa Alone, zile sauti ndefu za vinanda, mtajua mnasikiliza nini.

Jambo la nne: bei ya mlango

Hapa niruhusuni niseme kidogo kama mtumishi wa serikali, maana ni jambo la ada na viwango.

Mwaka 2023 bendi hii ilipanga kuzunguka Amerika ya Kaskazini. Wakaamua wao wenyewe kwamba tiketi ziwe za bei ambayo mtu wa kawaida anaweza. Nyingine zilikuwa dola 20 tu. Wakakataa utaratibu wa kupandisha bei kadiri watu wanavyozidi kutaka. Pia, mahali sheria iliporuhusu, wakazuia tiketi kuhamishwa ovyo ili kuwafungia njia walanguzi. Tiketi zilipoanza kuuzwa mwezi Machi, watu wakaonyesha hadharani kwamba ada za muuzaji, kampuni ya Ticketmaster, zilijumlishwa hadi kuzidi bei ya tiketi zenyewe. Mtu ananunua tiketi 4 za dola 20, yaani dola 80, na ada peke yake inapita dola 80.

Smith hakunyamaza. Aliandika hadharani kwamba jambo hilo limemchukiza, akaahidi kwamba ataitaka kampuni ijieleze. Siku iliyofuata akatangaza kwamba kampuni imekubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini, na dola 5 kwa nyingine, kwa wanunuzi waliothibitishwa. Si fedha nyingi. Lakini ni nadra kusikia ada iliyokwisha kulipwa ikarudi mfukoni mwa mlipaji, na sisi tunaokaa nyuma ya madirisha ya malipo tunalijua hilo kuliko wengine.

Nalitaja kwa sababu kukutana kuna gharama. Onyesho linaweza kuwa zuri ajabu, lakini kama anayelipenda hawezi kuulipia mlango, ukumbi utajaa watu wengine.

Yanayoweza kupingwa

Ndugu Mwenyekiti, si haki nisifu tu. Mtu anaweza kuuliza: mwenye santuri ya studio ana haja gani ya kununua nyimbo zile zile, kwa mpangilio ule ule, zilizopigwa karibu vile vile? Ni swali zuri. Kwa kweli bendi hii haiongezi madoido mengi jukwaani. Hata mwaka 1989 walirekodi ukumbini nyimbo za santuri yao ya Disintegration, zikatolewa kwa jina la Entreat, nazo pia zilikuwa karibu sana na za studio. Anayetafuta mbwembwe hatazipata.

Jibu langu ni kwamba katika rekodi ya studio unasikia wimbo, na katika hii unasikia watu. Nyimbo za studio zimejaa huzuni tupu: upweke, uzee, mwisho. Katika rekodi ya Troxy maneno ni yale yale, lakini baada ya kila wimbo wa upweke watu 3,000 wanapiga makofi. Mtu anasema yuko peke yake, na ukumbi mzima unamjibu. Jambo hilo haliwezi kuandikwa katika nota, na hapana fundi wa studio anayeweza kulitengeneza. Ndiyo tofauti ya ulimwengu uliopotea na ulimwengu ulio hai.

Mwingine atasema huu ni muziki wa Wazungu wenye huzuni, wenye nywele zilizotimuliwa na wanja machoni, unatuhusu nini sisi? Sidai mwuache muziki wetu mfuate wao. Nimewaleta kama mfano wa watu wa shule moja. Mfano mwema hauulizwi umezaliwa wapi.

Tufanye nini basi

Tutazameni sisi wenyewe. Viti vilivyo wazi leo mnaviona. Kila mwaka tunakutana, tunahadithiana zile hadithi za zamani, za kengele na uji na viboko, tunacheka, tunatawanyika. Hadithi hizo nazipenda, na jioni hii nitazisimulia na mimi. Lakini kijana aliyeketi pale nyuma hazimfai sana. Kwake sisi ni kama bendi inayopiga nyimbo zilizotungwa kabla hajazaliwa, na haina mpya.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, Halmashauri iyapime.

Kwanza, mkutano wa mwaka ufunguliwe kwa taarifa ya jambo moja jipya ambalo wanafunzi wa zamani wamelifanya kwa ajili ya shule tangu mkutano uliopita. Dawati, vitabu, bomba la maji, au Jumamosi kadhaa za kufundisha fizikia. Kama jambo hilo halipo, Mwenyekiti atamke wazi kwamba halipo, kisha ndipo tuanze hadithi.

Pili, waandikiwe wenzetu walioacha kuja kwa sababu ya ugomvi. Barua isitaje ugomvi wala isidai radhi. Itaje tarehe na mahali tu.

Tatu, mchango wa kuingilia mkutanoni upunguzwe, na wenye uwezo wajazie kimya kimya. Wapo tuliosoma nao ambao leo nauli peke yake ni mzigo, nao hawatasema.

Nne, na hili ni la wadogo zetu. Mwaka ujao bendi na kwaya ya shule zirekodiwe hapa hapa, katika ukumbi huu, mbele yetu, na wakongwe wanaoweza kushika gitaa wapande nao. Tusiwapeleke studio mjini. Vipaza sauti vingine vigeuzwe kuelekea kwetu, ili vikohozi vyetu na makofi yetu navyo viingie. Wimbo wa kwanza uwe mpya, uliotungwa na wanafunzi wenyewe. Rekodi hiyo iwekwe maktaba, iandikwe tarehe na majina ya wote waliokuwapo. Baada ya miaka 40 mtu ataisikiliza, naye atajua kwamba siku hiyo tulikuwa hapa, na tuliweza.

Wadogo zangu, mnaojifunza magitaa nyuma ya bweni, sisemi mwache vitabu. Nasema angalieni sana mnayekaa naye dawati moja. Smith na Tolhurst hawakujua, walipokuwa wakipanda basi lile wakiwa watoto, kwamba walikuwa wanaanza jambo litakalochukua umri wao wote.

Ndugu Mwenyekiti, kwa machache hayo naomba kuishia hapa, ili walio na maswali wapate nafasi kabla ya chakula.